Sarufi ya Njia Panda ya Mnara

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nimeitafuta mwenyewe kwenye ramani nikaikosa. Kwa hiyo msomaji akidhani ameitambua barabara anayopita kila siku, au sauti ya mtu aliyewahi kumsikia redioni, ajue kwamba masikio yake yana kasoro, na aende akapimwe mapema.

Mji mkuu wa nchi hiyo ulikuwa na foleni ya magari. Sisemi foleni kama hiyo yenu ya asubuhi na jioni. Hii ilikuwa foleni ya kudumu, yenye wakazi wake. Watu walichumbiana humo, wakaoana humo, na wengine wakaachana kabla hawajafika fungate. Kuna bwana aliyetoka nyumbani kwenda kumwandikisha mwanawe shule ya awali; walipofika, mwalimu mkuu alimtazama mtoto akasema amepitiliza umri. Barabara zilikuwa zile zile walizoziacha wakoloni, tumeziongezea mashimo tu kwa nguvu zetu wenyewe. Nataka kusema, kwa nguvu zao.

Wananchi walilalamika, kama ilivyo tabia ya wananchi. Serikali ikasikia, kama ilivyo tabia ya serikali. Mheshimiwa Kiongozi Mkuu akasafiri ng'ambo kwenda kujifunza namna wenzetu walivyomaliza foleni, na huko, katika mji mkubwa wenye baridi, gari lake likakwama kwenye foleni. Dereva akageuka, akamwinamia kidogo, akasema kwa Kiingereza laini kama siagi, "Sorry, sir. We are experiencing a slight delay."

Mheshimiwa hakuwahi kucheleweshwa kwa heshima namna ile. Alirudi nyumbani amebadilika. Pale pale uwanja wa ndege, kabla hajakabidhiwa shada la maua, alishika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Kumbe wenzetu nao wana foleni! Tofauti yao na sisi ni moja tu. Foleni yao inazungumza Kiingereza. Sisi tumekaa hapa tunalilia barabara. Tatizo letu si barabara, ndugu zangu. Tatizo letu ni sarufi!"

Makofi yalipigwa mpaka ndege iliyokuwa inataka kuruka ikaombwa isubiri. Wiki hiyo hiyo, nondo na saruji zilizokuwa zimeshushwa kwa ajili ya daraja la juu zikahamishwa, zikajengewa makao makuu ya chombo kipya kilichoitwa Mamlaka ya Sarufi Barabarani.

*

Mamlaka ilifikiri kwa kina. Iligundua kwamba mwananchi aliye kwenye foleni ni mwanafunzi bora kuliko wote: amekaa, ametulia, na hana pa kukimbilia. Basi kila njia panda ikawekewa Afisa Sarufi mwenye kipaza sauti, na boma, yaani mti mrefu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, wa kufungulia na kufungia njia kwa kamba. Asubuhi afisa anapanda juu ya pipa, anasema, na madereva wote wanaitikia kupitia madirishani: "I drive! You drive! He drives!" Hakuna gari lililosogea, lakini kitenzi hicho kiliendeshwa kutwa nzima.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi. Chombo chochote kikifika kwenye boma, dereva atoe sentensi moja ya Kiingereza iliyo sahihi na inayolingana na chombo chake. Akipatia, anapita. Akikosea, anarudi nyuma kabisa ya foleni kutafakari. Magari madogo yalitakiwa kusema tu yanakokwenda. Malori yenye tela yalitakiwa kutoa sentensi mbili zilizoungwa kwa "and", kwa kuwa yenyewe yameungwa. Bodaboda walipewa maneno ya kujipenyeza, "between" na "under" na "through". Misafara ya viongozi peke yake ndiyo iliyopewa kauli ya kuamrisha. Watembea kwa miguu walihesabiwa kuwa herufi zisizotamkwa, zile ambazo zimo ndani ya neno lakini hakuna anayezisoma; wakigongwa, matamshi ya neno hayabadiliki.

Na gari la wagonjwa? Wataalamu walilijadili hilo kwa hekima kubwa. Walisema gari la wagonjwa linabeba jambo ambalo limekwisha kutokea, lakini matokeo yake bado yapo. Jambo la namna hiyo, katika Kiingereza, linadai wakati timilifu, ule wa "have" na "has". Likapangiwa huo. King'ora chake kikang'olewa, kwa sababu king'ora si neno na hakipatikani kwenye kamusi.

*

Afisa wa Njia Panda ya Mnara alikuwa Mwalimu Leokadia Mbawala. Alikuwa amefundisha Kiingereza sekondari mpaka shule yake ilipofungwa, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanatoka nyumbani vizuri ila hawafiki. Baada ya hapo alikaa kibarazani kwake akikaanga mihogo kwa muda ambao hapendi kuuzungumzia. Mamlaka ilipotangaza nafasi, alikuwa wa kwanza kuomba. Alivaa sare ya bluu bahari, akapanda juu ya pipa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu watu wakamwita mwalimu.

Na alifundisha kweli. Nasema hivi kwa sababu wapo wenye nia mbaya wanaodai kwamba mpango ule haukuwa na faida. Palikuwa na dereva wa lori la saruji, jitu la miraba minne, ambaye siku moja alisimama mbele ya boma akasema, taratibu, bila kosa hata moja, "I have been waiting here since morning." Alipomaliza akashusha kichwa juu ya usukani akalia. Mwalimu Leokadia alimwuliza analia nini. Akasema, "Mwalimu, sikujua kama naweza kusema ukweli kwa Kiingereza."

Dereva wa gari la wagonjwa la Kituo cha Afya cha Bondeni aliitwa Zahoro Pazi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa na ulimi mgumu. Breki, klachi, gia, injini: Kiingereza chake chote kilikuwa kimeishia kwenye chuma. Wakati timilifu ulimshinda kabisa. Kila alipofika Mnara alifumbua mdomo, akatoa kitu kinachofanana na Kiingereza kama vile kifaranga kinavyofanana na ndege ya abiria, na Mwalimu Leokadia, akishatazama kulia na kushoto, alivuta kamba akampitisha.

"Siku moja watakuona, mwalimu," Zahoro alimwambia.

"Siku moja utajifunza, kaka Zahoro," yeye akajibu.

Hivyo ndivyo sheria ilivyotekelezwa, na wagonjwa wakafika. Mamlaka iliandika kwenye taarifa zake kwamba mpango unafanya kazi.

*

Asubuhi moja, katika Kituo cha Afya cha Bondeni, fundi cherehani mmoja kijana aitwaye Sikudhani alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alilia vizuri. Mama mtu alitabasamu vizuri. Kisha damu ikaanza kutoka, ikakataa kukoma. Nesi alifanya alichoweza na vitambaa alivyokuwa navyo, halafu akatoka mbio mpaka uani alikokuwa Zahoro.

"Mpeleke Hospitali Kuu sasa hivi. Hapa sina damu ya kumwongezea."

Wakampakia. Mtoto akabaki na nesi. Mama yake Sikudhani, Bi Mgeni, mjane aliyekuwa hana mwana mwingine, akapanda nyuma, akaketi sakafuni kando ya machela, akamshika binti yake mkono. Zahoro akaendesha kama hajawahi kuendesha: juu ya kingo za barabara, katikati ya vibanda, nyuma ya msikiti, mpaka akatokea Njia Panda ya Mnara. Ng'ambo ya boma ilikuwa njia nyeupe mpaka Hospitali Kuu.

Siku hiyo Njia Panda ilikuwa na hema. Chini ya hema palikuwa na viti vyenye vitambaa, bendi ya matarumbeta, soda, na Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka, Dokta Bonaventura Kisebengo, aliyekuja kumwonyesha mgeni kazi. Mgeni alikuwa Mwingereza mmoja mzee kutoka shirika lililofadhili vipaza sauti. Dokta Kisebengo alikuwa mtu aliyejitolea kwa taifa kiasi kwamba, akiwa kazini, hakusikia Kiswahili cha wananchi, ingawa mwenyewe alikisema. Kiliingia sikioni kikagonga mahali kikarudi.

Mwalimu Leokadia aliliona gari la Zahoro, akaona na uso wa Zahoro. Mkono wake ukaenda kwenye kamba.

"Ngoja, mwalimu!" Dokta Kisebengo aliinuka akichekelea. "Hili ndilo gari tulilokuwa tunaliombea. Mgeni wetu amesikia mengi leo, lakini wakati timilifu bado." Akachukua kipaza sauti. "Dereva! Karibu. Tupe sentensi."

"Mheshimiwa, nina mgonjwa mahututi," Zahoro alisema. "Amejifungua, damu haikatiki..."

Kiswahili kikagonga kikarudi.

"Sentensi, dereva."

Zahoro alishika usukani kwa mikono miwili. "I have... I have carry..."

"Carry?"

"Carried," Mwalimu Leokadia alinong'ona.

"I have carried a sick."

"A sick nini?" Dokta Kisebengo aliwageukia waliohudhuria, kwa furaha ya mtu aliyeletewa kosa zuri. "'Sick' ni kivumishi. Kivumishi hakisimami peke yake, kinasifu kitu. Sasa dereva, kinamsifu nani?"

"Kinamsifu Sikudhani, mheshimiwa."

Hema zima likacheka. Bi Mgeni akagonga kioo cha nyuma ya dereva.

"Baba, mbona tumesimama?"

"Wananiuliza maswali, mama."

"Wanakuuliza nini?"

"Kiingereza."

"Waambie mwanangu anaishiwa damu!"

"Hilo ndilo ninalotafuta namna ya kuwaambia."

Hapo yule mgeni mzee akasimama. Uso wake ulikuwa umegeuka mwekundu, na soda yake ilikuwa imemwagikia suruali. "For heaven's sake, man," alipaza sauti, "let them through!"

Waliojua Kiingereza walijua amesema waachiwe wapite. Hata bendi ilimtazama mkurugenzi. Dokta Kisebengo akatikisa kichwa kwa upole, kama mwalimu anayempenda mwanafunzi mvivu.

"Mabibi na mabwana, tumshukuru mgeni wetu kwa kutupa mfano wa kosa linalotusumbua sana. Sentensi yake haina kiima. Isitoshe, ametumia kauli ya kuamrisha, ambayo kwa sheria zetu za barabarani ni ya viongozi peke yao. Mgeni hakuzaliwa hapa, kwa hiyo leo tutamsamehe."

Mgeni yule mzee hakusubiri kusamehewa. Alikwenda kwenye boma kutaka kuliinua kwa mikono yake. Maafisa wawili walimshika viwiko kwa heshima kubwa, wakamrudisha kitini, wakampa soda nyingine.

Mwalimu Leokadia akasogea mpaka dirishani kwa Zahoro, kamba bado mkononi. "Kaka, nitazame mdomo. She has lost a lot of blood. Amepoteza damu nyingi. Haraka."

Zahoro akamtazama mdomo, akavuta pumzi, akaisema yote. "She has lost a lot of blood."

Hakukosea popote. Hema likalipuka kwa makofi. Bendi ikapiga kipande. Zahoro akatia gia.

"Bora kabisa!" alisema Dokta Kisebengo. "Sasa igeuze iwe kauli ya kutendwa."

"Mheshimiwa," Mwalimu Leokadia alisema, "amepatia. Nifungue?"

"Mwalimu, hapa mkurugenzi ni nani?"

"Ni wewe, mheshimiwa."

"Basi tumwache mwanafunzi afikiri."

Kamba ilikuwa mkononi mwake. Ilikuwa kamba nyepesi ya katani. Mtoto mdogo angeweza kuivuta. Mwalimu Leokadia aliishika, akasimama.

"A lot of blood..." Zahoro alianza. Jasho lilikuwa linamwingia machoni. "A lot of blood has... has..."

Ndani ya gari Bi Mgeni alisema neno moja. Hakupiga kelele. Alilisema kama mtu anayewaarifu wenzake kwamba mvua imeacha kunyesha.

"Amekufa."

Zahoro akaachia usukani. Waliokuwa karibu wakavua kofia.

"Anasema nini huyo mama?" Dokta Kisebengo aliuliza. "Mwalimu, tutafsirie."

Mwalimu Leokadia aliitazama kamba iliyokuwa mkononi mwake. Akatafsiri. "She has died."

Dokta Kisebengo alirudia sentensi ile polepole kwenye kipaza sauti, akiionja. Kisha uso wake ukang'aa.

"Kiima kipo. Kitenzi kisaidizi kipo. Kitenzi kikuu kimekaa mahali pake. Mabibi na mabwana, huo ndio wakati timilifu, hauna doa! Fungua njia!"

Boma likainuliwa. Gari la wagonjwa likapita mbele ya hema katikati ya makofi ya wale wasioelewa, na kuelekea Hospitali Kuu kwenye ile njia nyeupe, kwa mwendo wa pole, maana haraka ilikuwa imekwisha.

*

Serikali haikukaa kimya. Sitaki mtu aseme ilikaa kimya. Iliunda tume, na tume ilikaa kwenye ukumbi wenye viyoyozi mpaka wajumbe wakaugua mafua.

Zahoro Pazi aliitwa kwanza. Alieleza kwa Kiswahili yote yaliyotokea, na mwenyekiti alimshukuru, akasema kwa bahati mbaya tume inasikiliza mambo ya barabarani kwa lugha ya barabarani. Mwalimu Leokadia alifuata. Yeye Kiingereza alikijua, lakini siku hiyo alisimama mbele ya tume akakataa kukitumia.

"Alifika kwangu akiwa hai," alisema. "Nilimwona kifua kinapanda na kushuka."

"Mwalimu, tafsiri maneno yako."

"Sitafsiri tena."

"Basi, kwa tume, hukusema kitu."

Matokeo ya uchunguzi yalisomwa redioni. Tume ilibaini kwamba, kati ya maneno yote yaliyosemwa kwenye boma kuhusu hali ya abiria yule, yaliyokuwa Kiingereza sahihi ni sentensi mbili tu. Ya kwanza ilisema amepoteza damu nyingi, lakini haikusema yu hai, na maiti naye anaweza kuwa amepoteza damu. Ya pili ilisema amekufa. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sarufi, abiria alifika Njia Panda ya Mnara akiwa maiti, na hakuna aliyemchelewesha maiti. Tume ilimpongeza mkurugenzi kwa uvumilivu wake, ikapendekeza hema liwe kubwa zaidi.

Kwa kuwa abiria alikuwa maiti, Zahoro alikuwa amebeba maiti kwenye gari la wagonjwa bila kibali cha gari la kubebea maiti. Akashtakiwa. Hakimu alikuwa mtu mwenye huruma, alimwuliza kama ana la kujitetea, na Zahoro, kwa mazoea ya pale kwenye boma, akajibu, "I have." Alisubiriwa amalizie. Hakumalizia. Akafungwa mwaka mmoja.

Mwalimu Leokadia alivua sare ya bluu bahari, akaikunja, akaiacha juu ya pipa.

*

Matanga yalipokuwa yamekwisha anuliwa na watu wametawanyika, alikwenda kwa Bi Mgeni. Alimkuta amekaa kwenye mkeka chumbani, mlango wazi, akimlisha mjukuu wake maziwa kwa kijiko. Mtoto alikuwa amepewa jina la mama yake. Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa shuka, na chini yake mguu mmoja wa suruali ya mteja ulikuwa unaning'inia, haujashonwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeshika kamba."

"Ni mimi, mama."

"Ungeivuta, tungepita."

"Mngepita."

"Kwa nini hukuivuta?"

Mwalimu Leokadia alikuwa amejiandaa kusema mengi: mkurugenzi, sheria, wageni. Yote yalimkimbia. "Niliogopa kurudi kukaanga mihogo," alisema.

Bi Mgeni akamfuta mtoto maziwa kidevuni. "Na mihogo ina ubaya gani?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

Mtoto alisinzia.

"Redio imesema mwanangu alifika pale amekufa," Bi Mgeni alisema baadaye. "Nilikuwa nimemshika mkono. Wakati yule bwana anacheka, aliniuliza kama kitovu cha mtoto kimefungwa vizuri. Maiti haulizi vitovu."

"Haulizi, mama."

"Nimewaambia jirani, wameelewa. Nimewaambia polisi, wamesema niseme kwa Kiingereza. Nifundishe kuwaambia."

"Unataka kuwaambia nini?"

"Kwamba alikuwa hai. Basi. Mengine watajaza wenyewe."

Mwalimu Leokadia alisogea mkekani. Alimfundisha maneno manne, moja moja, kama anavyolishwa mtoto. My. Daughter. Was. Alive. Bi Mgeni alikuwa mwanafunzi mgumu, lakini hakuchoka. Alipoyapata yote aliuliza mwanawe yuko kwenye neno lipi.

"Hili la pili ni binti. Lakini hili la tatu, 'was', ndilo linalosema kwamba alikuwa."

"Ni dogo."

"Ni dogo, mama."

*

Kesho yake Bi Mgeni alifika Njia Panda ya Mnara, mjukuu mgongoni, Mwalimu Leokadia kando yake. Alisimama mbele ya boma. Gari la kwanza lilikuwa la katibu mkuu fulani. Bi Mgeni aligonga kioo, kikashuka kidogo.

"My daughter was alive," alisema.

Kioo kikapanda. Akangoja gari la pili. Afisa mpya aliyechukua nafasi ya Leokadia alitaka kumwondoa, akakumbuka sheria: mtu yeyote anayetoa sentensi sahihi kwenye boma asizuiwe. Akaisikiliza sentensi tena na tena akitafuta kosa, hakuliona.

Sasa, madereva wa mji ule walikuwa wamefundishwa kwa muda mrefu kuitikia chochote kinachosemwa kwenye boma. Waliokuwa karibu wakaitikia. Waliofuata wakawaitikia hao. Kabla ya adhuhuri foleni nzima, kutoka Mnara mpaka nje ya mji, ilikuwa inasema kupitia madirishani, "My daughter was alive." Nakubali kwamba wengi hawakujua wanasema nini. Lakini dereva wa lori la saruji, lile jitu la miraba minne, alijua. Alishuka, akasimama karibu na Bi Mgeni, akasema la kwake: "My brother was alive." Kondakta mmoja akasema, "There was a road here." Mama muuza mboga, herufi isiyotamkwa kabisa, akasema, "We had a hospital." Kila mtu aligundua kwamba ana kitu kilichokuwepo.

Mamlaka ilistahimili siku chache. Kisha Dokta Kisebengo akaja mwenyewe, na askari, na kipaza sauti, na tangazo lenye sahihi ya Mheshimiwa Kiongozi Mkuu. Alilisoma akiwa juu ya pipa. Ilielezwa kwamba utafiti umeonyesha wananchi wanatumia mno wakati uliopita. Kwamba wakati uliopita humfanya mtu atazame nyuma. Na kwamba kutazama nyuma barabarani kunasababisha ajali. Kwa usalama wa wananchi, wakati uliopita umefutwa. "Was" na "were" na "had" na jamaa zao wote hawaruhusiwi tena kwenye barabara za umma.

Foleni ikanyamaza. Dokta Kisebengo akashuka kutoka kwenye pipa, akamwendea Bi Mgeni kwa uso wa huruma, maana hakuwa mtu mbaya. Niliwahi kumwona akimnunulia ombaomba kamusi.

"Mwalimu, mwambie mama kwamba hatumfukuzi. Sentensi yake ni nzuri sana, tunaipenda. Abadilishe neno moja tu. Mahali pa 'was' aseme 'is'."

Bi Mgeni alimgeukia Leokadia. "Anasema nini?"

"Anasema uliache lile neno dogo, useme jingine."

"Na hilo jingine linasemaje?"

"Linasema binti yako yuko hai."

Bi Mgeni alimtazama Dokta Kisebengo, kwa makini, kuanzia viatu mpaka miwani. "Baba, wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Si mimi, mama, ndiyo sheria," alijibu mkurugenzi, akashtuka kujikuta amesikia Kiswahili cha mwananchi na kukijibu.

"Sheria inasema Sikudhani wangu yuko hai?"

"Kisheria, mama. Kuanzia leo. Yuko hai."

Bi Mgeni alifungua fundo la kanga kifuani, akamzungusha mjukuu kutoka mgongoni mpaka mbele. Mtoto alikuwa ameamka, anatafuta kwa mdomo. Bi Mgeni akamnyanyua kidogo ili mkurugenzi amwone vizuri.

"Basi nileteeni," alisema. "Huyu hajanyonya."